Yaya mwenye mdomo kwenye runinga: nani kampa ruhusa?

Mama Zuhra, Mombasa

Wadau, habari za jioni. Ijumaa iliyopita tulikuwa sebuleni, mimi, mume wangu, watoto wawili na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Ametoka upande wa Butere, huu mwaka wa tatu yuko nasi. Runingani kulikuwa na kichekesho cha marudio, sitakitaja maana jina lake si hoja. Mle ndani kuna yaya, wale tunaowajua: leso kiunoni, mwiko mkononi, mdomo wembe. Mwenye nyumba akisema moja, yeye anarudisha tatu. Si mhusika mkuu, lakini kipindi kizima ni chake.

Tulicheka hadi mume wangu akamwaga chai. Kisha nikaona jambo. Dada naye alikuwa akicheka, ila si pale tulipocheka sisi. Yaya alipomwambia bosi wake kwamba kitambi kinanona kila mwezi na mshahara unakonda kila mwezi, sisi tulikuwa hoi, dada kimya. Baadaye yaya akaitwa mara tatu kutoka chumbani, na yeye akaendelea kumenya vitunguu kana kwamba nyumba haina mtu. Hapo dada alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Hiyo ya kujifanya hujasikia, mama, hiyo ndiyo ya kweli. Ile nyingine ni ya televisheni."

Tangu siku hiyo sijatulia. Hawa wahusika wa pembeni wenye midomo tunawapenda kuliko wenye kipindi chao. Lakini yaya wa aina hii anamsemea nani? Anamsemea dada yangu, au anatuburudisha sisi tunaomwajiri? Mimi naelekea kuamini kwamba mdomo ule amepewa kwa ajili yetu. Yaya halisi akinijibu vile, kweupe, mbele ya wageni, nadhani jioni hiyo hiyo angekuwa kwenye basi la kurudi kwao. Nisahihisheni kama nakosea. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Buza, Dar

Mleta mada na wewe unataka kutuharibia wikiendi. Mtu kashinda kwenye foleni, kagombana na konda, karudi nyumbani anataka acheke alale. Huyo beki tatu wa kwenye TV namsubiri yeye tu, baba mwenye nyumba na mkewe wakianza mazungumzo yao naenda kuchukua maji.

Unauliza anamsemea nani? Ananisemea mimi. Sijawahi kuajiri dada wa kazi maishani mwangu. Mimi ndiye dada wa kazi pale ofisini kwetu, tofauti ni kwamba nimevaa tai. Bosi akitoa utani mbovu natoa meno yote thelathini na mawili. Nikimwona mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wangu anamwambia tajiri ukweli mchana kweupe, roho yangu inapoa. Kwisha habari.

Shemeji wa Bungoma

Kabla hamjafika mbali tuseme kidogo juu ya lafudhi. Awinja wa Papa Shirandula, kile kipindi cha Citizen, yule aliyeigizwa na Jacky Vike, mimi ni shabiki wake wa damu. Akiingia tu, kabla hajafungua mdomo, nishacheka. Lakini hebu niulize, kwa nini kila yaya na kila soja wa geti kwenye runinga ya Kenya atoke kwetu Magharibi? Kwa nini gari lazima liwe kari na baba awe papa?

Nilisoma bweni Nairobi. Nikisimama kujibu swali darasani, watu wanaanza kucheka sijafika hata kwenye jibu. Mimi sikuwa nimewachekesha, walikuwa wanamcheka mtu waliyemwona jana yake kwenye skrini. Mdomo wa yaya wa runinga ulimpa yeye jina, mimi ukanifunga wangu.

Lakini sitaki kudanganya pia. Mzee Ojwang' wa kichekesho cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu na aliigiza kwa lafudhi ya Kijaluo miaka na miaka. Alipofariki 2015, jirani yangu Mjaluo alimlilia kama wa kwao. Kwa hiyo lafudhi peke yake si tusi. Inategemea mwenye lafudhi hiyo amepewa nafasi gani ndani ya nyumba. Ojwang' alikuwa baba mwenye nyumba. Hapo ndipo mimi nimekwama.

Fundi Kamera, Nairobi

Nimeshika kamera na kuvuta nyaya za sauti kwenye vipindi kadhaa vya aina hii, acheni niwaletee ya jikoni.

Kichekesho cha nusu saa kinajengwa juu ya siri. Mtazameni Papa Shirandula mwenyewe, marehemu Charles Bukeko, Mungu amrehemu, Julai 2020 alituacha vibaya. Papa ni soja wa getini, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi ya maana mjini. Anatoka nyumbani na suti, akifika kazini anavaa sare. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema kweli. Akisema kweli dakika ya nne, kipindi kimekwisha dakika ya nne. Mhusika mkuu amefungwa na hadithi yake, mguu na mkono.

Wa pembeni hajafungwa. Hana siri ya kulinda, hana funzo la kujifunza mwisho wa kipindi, hatakiwi hata kupendeka. Kazi yake ni kuingia, kukata, kuondoka. Kipindi cha nusu saa cha Wamarekani ukiondoa matangazo kinabaki na dakika kama 22, wa pembeni anapata mbili tatu. Ukipewa dakika mbili, hutazitumia kusalimia watu.

Jambo la pili, maandishi yanafuata kicheko. Waigizaji wanakaa mezani kusoma mswada, mwandishi anasikiliza nani kavunja watu mbavu, usiku anakwenda kumwongezea. Wanaofahamu The Golden Girls, kile cha wanawake wanne watu wazima wanaoishi nyumba moja Miami, kilichoanza 1985: kipindi cha kwanza kabisa kilikuwa na mpishi mwanamume, Coco. Sophia, yule bibi mdogo mwenye kikapu, alikusudiwa kupitapita tu. Estelle Getty akafungua mdomo, watu wakafurahi, Sophia akapewa nafasi ya kudumu na Coco hakuonekana tena. Mtu alikosa kazi kwa sababu bibi alikuwa mchekeshaji kuliko yeye.

Na Urkel je? Yule mvulana wa jirani wa Family Matters, miwani mikubwa na suruali hadi kifuani. Aliletwa awe mgeni wa mara moja. Kipindi kilikuwa cha familia ya polisi, kikawa cha jirani hadi 1998. Baba wa familia akageuka kuwa mtu wa kushangaa.

Mama Zuhra, Mombasa

Fundi, ahsante. Kwa hiyo unasema mdomo ni suala la ufundi tu?

Fundi Kamera, Nairobi

Ufundi unanieleza kwa nini lazima awepo mtu wa pembeni asiye na breki. Haunielezi kwa nini mtu huyo anawekwa kuwa yaya, bibi kizee au jirani asiye na kazi, na si daktari wa familia. Hilo waulize wengine.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Wanangu, mnazunguka mbuyu. Jambo hili tunalo siku nyingi na linaitwa utani.

Sisi Wangoni na Wahehe tulipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, leo ni watani. Mpare na Mchaga hivyo hivyo. Nilipomzika kaka yangu, watani walifika, mmoja akajilaza kando ya kaburi akasema marehemu haingii humo mpaka deni lake la pombe lilipwe. Wajane walicheka huku machozi yakiwatoka. Mtu mwingine yeyote angethubutu, angepigwa. Mtani hapigwi. Ana ruhusa, na ruhusa hiyo inajulikana na kila mtu aliyepo.

Babu na mjukuu nao ni watani. Huyo bibi mnayemtaja wa Miami, nimemwona kwa wajukuu zangu. Waandishi wake ilibidi waseme alipata kiharusi, kikaharibu sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kusema kila anachofikiri. Nilicheka sana. Wazungu wamehitaji ugonjwa ili bibi aseme ukweli! Kwetu bibi anasema ukweli kwa cheo chake cha ubibi, hahitaji cheti cha daktari. Mchekeshaji wetu Joti akijifunga khanga na kuigiza bibi, hakuna Mtanzania anayeuliza bibi huyu anaumwa nini.

Kwa hiyo yaya wa runinga ni mtani wa nyumba. Msimtafutie mzigo mwingine.

Binti wa Likoni

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo sikubali.

Utani ni wa pande mbili. Mngoni akimwambia Mhehe anakula mbwa, Mhehe naye anamrudishia la kwake, na kesho wanabadilishana mialiko. Mimi nimekulia kwenye nyumba za watu. Mama yangu alikuwa akifua na kupika kwa familia moja hapa mjini, mimi mgongoni, baadaye mimi jikoni. Mwenye nyumba alipenda kumtania mama. Alimwita jina la mnyama fulani, mbele ya wageni, wote wakacheka, mama akacheka. Siku moja mama naye akamrudishia, tena kitu kidogo tu, kuhusu upara. Wageni walicheka vile vile. Mwisho wa mwezi tukahama.

Mtani anajua hafukuzwi. Mama hakuwa mtani wa mtu pale, alikuwa mtu wa kutaniwa. Mleta mada amesema kweli kwamba yaya halisi angekuwa kwenye basi. Yaya wa runinga anasema lolote kwa sababu mwandishi ameshaamua hafukuzwi, Jumatano ijayo yuko pale pale na leso yake. Hiyo ndiyo hadithi ya kubuni kubwa kuliko zote mle ndani, na hakuna anayeiona.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Marahaba mwanangu. Umenigusa. Hilo la mama yako nimelisikia. Niache nilifikirie.

Mlezi wa Minnesota

Nasoma nikiwa zamu ya usiku. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Marekani, kama wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, na kwa kazi hii nimetazama marudio ya The Golden Girls kuliko nilivyotazama taarifa ya habari. Nina mawili.

La kwanza, kuhusu Sophia kutofukuzwa. Si kweli kwamba yuko salama. Alifika kwa binti yake kwa sababu nyumba ya wazee aliyokuwamo, Shady Pines, iliungua. Kila akizidisha mdomo, binti yake Dorothy anamtishia kwa jina la nyumba hiyo, na bibi anashika adabu kwa sekunde tano. Sasa basi, wazee ninaowatunza mimi hawacheki sana anapowachamba wenzake. Wanacheka jina la Shady Pines likitajwa. Wanacheka kwa nguvu, mmoja anapiga mkono wa kiti. Wanajua wako wapi. Mama Zuhra, ulipoandika kwamba dada alicheka mahali tofauti, nilisimama na chai mkononi.

(Kwa wanaopenda mambo madogo: Estelle Getty alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja hivi kuliko Bea Arthur aliyeigiza binti yake. Walimzeesha kwa vipodozi na wigi.)

La pili ni Florence. Kulikuwa na kipindi huku, The Jeffersons, 1975 hadi 1985. Familia ya Weusi iliyotajirika kwa maduka ya kufulia nguo na kuhamia ghorofani upande wa matajiri wa New York. Katika kipindi cha kwanza wanamhoji mfanyakazi wa ndani, Florence, naye ni Mweusi. Anagundua kwamba mama mwenye nyumba na jirani yake, Mweusi mwingine, wote wanaishi kwenye jengo lile la kifahari. Anawatazama, anauliza, kwa maneno yangu mimi: kumbe tulishashinda, mbona mimi sikuambiwa? Ile ilikuwa lugha ya nyimbo za kudai haki za Weusi, na anaiuliza akiwa amekuja kuomba kazi ya kusafisha.

Marla Gibbs aliyemwigiza alikuwa na kazi katika shirika la ndege la United, na hakuiacha. Aliendelea nayo hata alipokuwa akionekana kwenye runinga ya taifa zima. Mtu aliyeigiza mfanyakazi asiyeogopa kufukuzwa, mwenyewe alishika kazi mbili kwa sababu alijua runinga inaweza kumwacha siku yoyote. Mnielewe: simlaumu, namsifu.

Na ubishi wenu huu ulishapiganwa huku. Miaka ya mwanzo ya 1950 kulikuwa na kipindi cha Beulah, mfanyakazi wa ndani Mweusi kwenye nyumba ya Wazungu, yeye ndiye mwenye kipindi. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kilikipinga pamoja na Amos 'n' Andy mwaka 1951. Wapo waigizaji Weusi waliokasirika, maana nafasi zilikuwa chache na hizo ndizo walizokuwa nazo. Beulah alikuwa mkarimu, mwenye hekima, anatatua shida za mabosi wake. Florence alikuja baada ya zaidi ya miaka 20 na hakutatua shida ya mtu. Kengele ya mlango ikilia haendi kufungua. Kwangu mimi kati ya Beulah na Florence kuna hatua, tena ndefu, na iliyoileta ni mdomo.

Kijana wa Buza, Dar

Mlezi umeua! Huyo Florence hakupewa kipindi chake?

Mlezi wa Minnesota

Alipewa, 1981, kikaitwa Checking In. Wakamfanya msimamizi wa wahudumu wa usafi hotelini. Vipindi vinne tu, kikafa. Akarudi kwa kina Jefferson, na maelezo yakawa kwamba hoteli imeungua moto. Wamarekani wakitaka kumhamisha mhusika wanachoma jengo.

Fundi Kamera, Nairobi

Ndiyo hayo niliyosema. Ukimfanya mkuu unampa siri, majukumu na funzo la mwisho wa kipindi. Florence msimamizi ana watu chini yake, tena yeye sasa ndiye bosi wa kujibiwa. Bizari nzuri kwenye pilau, lakini nani aliwahi kupakua sahani ya bizari?

Shemeji wa Bungoma

Fundi, hilo lina jibu hapa hapa nyumbani. Auntie Boss! ilikuwa ni mayaya tu, ndio wenye kipindi, na mabosi ndio wapita njia. Nyce Wanjeri wa mle ndani alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho kwenye AMVCA, zile tuzo za filamu na runinga za Afrika, kule Lagos mwaka 2018. Kwa hiyo inawezekana. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mayaya wakiwa wengi wanazungumza wao kwa wao. Awinja mzuri kabisa kwangu alikuwa akiwa na mashoga zake, si akiwa na bosi. Yaya mmoja peke yake kwenye nyumba ya watu hana wa kuzungumza naye ila mwenye nyumba, ndiyo maana kila neno lake linakuwa jibu.

Binti wa Likoni

Hapo umesema. Kila neno lake linakuwa jibu. Hilo naliandika mahali.

Karani wa Kigamboni

Nampinga kidogo Binti kuhusu utani kuwa wa pande mbili. Upo mfano. Will & Grace, kichekesho cha Wamarekani, ilikuwa na Karen, mama tajiri mlevi asiye na huruma, yeye mwenyewe mtu wa pembeni aliyekula kipindi. Halafu mtu wa pembeni wa huyo mtu wa pembeni ni Rosario, mfanyakazi wake kutoka El Salvador. Hawa wawili walitukanana uso kwa uso, pua kwa pua, neno kwa neno, kisha wanakumbatiana. Shelley Morrison aliyekuwa Rosario aliitwa kwa kipindi kimoja, akabaki miaka. Kama huo si utani wa Mngoni na Mhehe, basi sijui utani.

Binti wa Likoni

Huyo Rosario nimemwona pia. Si ndiye aliyeozeshwa kwa rafiki wa Karen ili asirudishwe kwao? Makaratasi yake ya kukaa Marekani yalikuwa mikononi mwa nani? Unaweza kumtukana mtu pua kwa pua, lakini mmoja wenu akikasirika kweli, mwingine anapanda ndege.

Karani wa Kigamboni

Kweli bwana. Nimeshindwa hilo, ingawa nitaendelea kumpenda Rosario.

Kadama wa Doha

Hamjambo huko. Mimi niko Ghuba mwaka wa sita, nyumba ya pili. Ya kwanza sitaki kuizungumzia.

Niwaambie siri ya makadama wa Kiswahili, yaani sisi wafanyakazi wa ndani huku Uarabuni. Sisi tuna midomo kuliko hao wa runinga wote. Mama mwenye nyumba akinifokea kwa Kiarabu, namjibu kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya heshima, nimeinamisha kichwa. Siku ile aliponiambia nirudie kupiga pasi kanzu kumi na mbili nilimwambia, "Na ngozi ya uso wako nayo ilete niinyooshe." Akasema vizuri, ahsante. Nimecheka peke yangu chumba cha pasi mpaka machozi. Jioni nikampigia mwenzangu wa nyumba ya tatu, tukacheka wote upya.

Nikitazama vipindi vya nyumbani kwenye simu, yaya akimjibu bosi, mimi hainichekeshi kwa sababu ni ya ajabu. Inanichekesha kwa sababu ndiyo tafsiri. Yale ninayosema wasinielewe, yeye anayasema wakamwelewa. Dada wa Butere anayesema ya kujifanya hujasikia ndiyo ya kweli, yuko sawa, lakini yeye anaongea lugha moja na mwajiri wake, masikini. Hana pa kujificha. Mimi nina lugha nzima.

Kwa hiyo msiniondolee yaya wangu kwenye runinga kwa sababu ya huruma zenu.

Kijana wa Buza, Dar

"Ahsante"! Nimeanguka kitini.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Kadama, Mungu akulinde huko. Nimefikiri, na huyu ndiye aliyenisaidia. Nilisema mtani ana ruhusa inayojulikana na kila mtu. Binti akasema yaya hana ruhusa hiyo, na ni kweli. Wewe umejipa ruhusa bila mwenye nyumba kujua. Sasa sijui hili tuliite nini, maana si utani tena. Waswahili wa pwani labda wanalo neno.

Binti wa Likoni

Mafumbo, mwalimu. Mtu anavaa leso yenye msemo anaotaka usomwe na fulani, anapita mbele yake, hasemi kitu. Bibi yangu alikuwa nazo za kila aina ya jirani.

Wakili wa Mtaani, Nairobi

Nimesoma yote, nauliza swali moja la kukera. Amri ya mishahara ya Kenya, tangu Novemba 2024, inamweka mfanyakazi wa nyumbani wa Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa kwenye kima cha chini cha zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Tunajadili anacheka wapi na anajibu nini. Wangapi humu wanalipa hiyo? Yule yaya wa runinga aliyesema mshahara umekonda, sisi tukacheka, alikuwa anasema kitu chenye tarakimu.

Kijana wa Buza, Dar

Wakili huyu naye! Uzi ulikuwa unaenda vizuri.

Mama Zuhra, Mombasa

Nilijua atatokea mtu wa kuuliza hilo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha lazima nijibu. Silipi hiyo. Nalipa elfu kumi na mbili, chakula na malazi juu yangu, na bima yake ya afya tangu mwaka jana. Wakati naandika mada sikulifikiria hilo hata kidogo, nilikuwa nafikiria runinga. Nimezungumza na mume wangu jana usiku. Tutaona tunafikaje, sitaki kuahidi hapa mbele ya watu halafu mje kunidai.

Lakini nimebadilika kidogo katika mada yenyewe. Nilisema mdomo wa yaya ulibuniwa kutufurahisha sisi waajiri. Kijana wa Buza na Kadama wamenionyesha kwamba kila mtu anautumia kivyake: mmoja anamweka bosi wake wa ofisini pale, mwingine anapata tafsiri. Wazee wa Minnesota wanacheka Shady Pines. Sikuwaza kwamba kipindi kimoja kinaweza kutazamwa na watu wa nyumba moja kama vipindi vitatu. Bado nasimama na Binti kwamba kutofukuzwa ndiko uongo wenyewe. Ningependa siku moja nione kichekesho ambamo yaya anasema, anafukuzwa kweli, na kipindi kinachofuata nyumba haina wa kupika. Fundi, hicho kinaandikika?

Fundi Kamera, Nairobi

Kinaandikika, mama. Tatizo ni nani atakitolea matangazo. Wanaolipa ni wenye sabuni na mafuta ya kupikia, na mnunuzi wao ni wewe.

Shemeji wa Bungoma

Mnunuzi ni yeye, lakini anayekwenda dukani ni dada. Anayejua sabuni ipi inatoa povu ni dada. Hao wenye sabuni hawajawahi kufikiria hivyo?

Karani wa Kigamboni

Mama Zuhra, sisi tumesema sana. Dada mwenyewe anasemaje? Amesoma huu uzi?

Mama Zuhra, Mombasa

Nilimsomea jana alipokuwa anakunja nguo. Ya Kadama ilimfurahisha mno, akaniambia nirudie ile ya ngozi ya uso. Ya Wakili aliisikiliza akiwa ameinama, hakusema neno, nami sikuinua macho. Swali lako nimetaka nimuulize sasa hivi ili nisiweke maneno mdomoni mwake. Yuko jikoni, nasikia maji yanatiririka na redio iko chini.

Nimemwita mara mbili. Hajasikia.